Ikagueni Fremu Kabla ya Rangi: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NTSA

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, Nairobi.

Nina Honda CG125 kuukuu niliyoifungua yote, ikabaki fremu. Nataka kuiunda upya kwa namna yangu, yenye tanki jingine, kiti kifupi na breki ya diski mbele, kisha niiendeshe barabarani kihalali.

Honda ilitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya watu wasio na gereji ya karibu. Vali zake huinuliwa na vijiti, haina cheni ya kulegea ndani ya injini. Viwanda vya Uchina viliuiga muundo huo, na bodaboda nyingi zinazotubeba leo zina injini za ukoo huo. Ndiyo maana silinda ikiisha kabisa, fundi huona ni rahisi kufunga injini nzima ya bodaboda. Pikipiki inapona, lakini namba ya injini haipatani tena na logbuku, na mwenyewe akisimamishwa anadhaniwa mwizi.

Kwingine injini haikupewa uzito huo. Kwa miaka mingi Uingereza ilihesabu pointi: fremu ya asili 5, injini 1 tu, na pikipiki iliyogeuzwa ilihitaji 8 ili ibaki na namba yake ya usajili. Hesabu hiyo iliweka uzito panapostahili. Injini mbovu itakuacha kando ya njia. Fremu iliyochomelewa vibaya itakuua wewe na abiria wako.

Ninachoomba ni mwongozo ulioandikwa kwa Kiswahili, ambao fundi wa jua kali atausoma kabla hajawasha mashine ya kuchomelea. Useme wazi kwamba shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, na mkono unaoshika gurudumu la nyuma visikatwe bila idhini ya mkaguzi. Viti, matangi na rangi mtuachie wenyewe. Breki zijaribiwe pikipiki ikitembea, si ikiwa kwenye stendi. Na katika ukaguzi huo huo, namba ya injini mpya iingizwe kwenye logbuku kwa kuonyesha risiti ya duka, ili injini ya wizi isipate mlango.

Zaidi ya yote, fremu ikaguliwe ikiwa tupu, kwa maana rangi na puti huficha nyufa. Yangu bado haijapakwa chochote. Nitajieni siku na kituo, nitaileta.

Mwendesha pikipiki,
Nairobi