Sauti ilimkuta Arliss tayari
Filamu zilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920, waigizaji wengi waliovuma kwa sura tu walibaki wakihangaika. George Arliss, mzaliwa wa London wa mwaka 1868, hakuwa na hofu hiyo, kwani ulimi ndio uliokuwa ukimlisha. Alikwenda Marekani mwaka 1901 na kundi la maigizo la mwigizaji Mrs Patrick Campbell, na kuanzia 1911 akajijengea jina jukwaani kwa tamthilia kuhusu Disraeli, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Mwaka 1921 aliigiza hadithi hiyo hiyo katika filamu bubu, na mkewe Florence akicheza mke wa Disraeli. Lakini vijembe, ambavyo ndivyo utamu wa mchezo wenyewe, vikageuka maandishi ya kusomwa. Warner Bros. waliirudia kwa sauti mwaka 1929, mume na mke wakiwa walewale. Arliss, aliyekuwa na miaka 61 filamu ilipotoka, akawa Mwingereza wa kwanza kutwaa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Mwaka 1932 akairudia pia filamu yake bubu ya 1922, The Man Who Played God, na safari hii akampa nafasi binti aliyekuwa karibu kuikatia tamaa Hollywood: Bette Davis.