Eti mpiga kinubi hahitaji jina?

Wapendwa, nimerudi. Kimya cha wiki mbili si cha kununa, ni test mfululizo na madesa yaliyonizidi kimo. Leo nilipanga kulala mapema, lakini kuna kauli imenikaa kooni tangu Jumanne kama mwiba wa samaki. Nisipoitoa hapa, usingizi hauji.

Jumanne jioni tulikuwa chumbani watu wanne. Nikawa nawasimulia habari niliyoisoma maktaba badala ya kusoma kilichonipeleka, habari za Anna Lelkes, mama mmoja mpiga kinubi wa Vienna, Austria, aliyepiga miaka nenda rudi na okestra kubwa bila jina lake kutajwa. Nilipomaliza, mshikaji mmoja wa mwaka wa tatu (simtaji, tunalala chumba kimoja) akasema: "Sasa tatizo liko wapi? Kazi si alikuwa anafanya? Jina la nini? Kizuri chajiuza." Wengine wakacheka, wakamuunga mkono. Nikabisha mpaka umeme ukakatika, na giza likafunga mjadala kabla sijamaliza. Leo namalizia.

Kwanza tuelewane kuhusu kinubi chenyewe, maana wengi wetu tunakijua kwa Daudi wa kwenye Biblia tu. Kinubi cha kwenye kumbi za Ulaya na Marekani ni dude hasa. Kina nyuzi 47 na uzito wa karibu kilo 40. Chini kina pedali 7, na kila pedali ina ngazi tatu za kupandisha na kushusha sauti. Mpigaji anatumia vidole vinane, vile vidogo vya mwisho vinapumzika, na wakati huohuo miguu inahangaika na pedali. Ncha za vidole zinaota sugu kama za mshika jembe. Siku ya tamasha anawahi ukumbini kabla ya wenzake, kwa sababu ana nyuzi 47 za kuziweka sawa mojamoja. Anayesema hii ni kazi laini ya kutabasamu na gauni refu, aje abebe hilo dude mpaka ghorofa ya pili halafu tuongee.

Sasa njoo kwenye ajira. Kinubi kipya cha aina hiyo kinauzwa makumi ya maelfu ya dola. Umeanza kujifunza ukiwa mtoto, umesota chuo cha muziki, umekopa, umenunua. Unatafuta kazi. Okestra kubwa inaweza kuwa na wapiga violini 30, lakini wapiga vinubi ni mmoja au wawili, basi. Na akishakaa mtu pale, hatoki! Uingereza, Sidonie Goossens aliingia BBC Symphony Orchestra ilipoanzishwa mwaka 1930 akakaa nayo kama miaka 50. Mwaka 1991 alipanda tena jukwaani usiku wa kufunga matamasha ya Proms, ana miaka 91. Aliishi mpaka 2004, akafariki akiwa na miaka 105. Tunampongeza bibi, lakini fikiria kijana aliyekuwa anasubiri kile kiti.

Kwa hiyo mpiga violini akionewa okestra hii anaweza kujaribu ile. Mpiga kinubi ana mlango mmoja. Akinyimwa haki pale, hana pa kwenda. Shikeni hapo kabla hamjasema "si angeacha kazi".

Anna Lelkes alipiga na Vienna Philharmonic zaidi ya miaka 20, tangu miaka ya 1970. Ile si bendi ya kukodi kwenye sherehe. Ilianzishwa mwaka 1842, na tamasha lake la Mwaka Mpya huonyeshwa kwenye televisheni za nchi kibao. Lakini kwa desturi yao uanachama ulikuwa wa wanaume watupu. Mama wa watu anakuja mazoezini, anapiga, halafu ukifungua kijitabu cha tamasha jina lake halimo. Kamera ya televisheni ikimfikia, inaonyesha mikono. Mikono tu! Ukiwa kwako sebuleni utadhani kinubi kinapigwa na jini.

Alikubaliwa kuwa mwanachama Februari 1997, mwanamke wa kwanza. Toa 1842 kwenye 1997 uone: miaka 155. Na msidhani wazee wale waliamka asubuhi wakaota huruma. Wanaharakati wa Marekani walikuwa wamejiandaa kuandamana nje ya kumbi ambako okestra ilikuwa inakwenda kupiga, na nyumbani Austria wanasiasa walishaanza kuhoji kwa nini fedha za umma ziende kwenye ubaguzi. Yeye akapiga miaka michache tu akiwa na jina, akastaafu.

Haya, tujibu hoja za chumbani.

Hoja ya kwanza: jina ni sifa tu. Uongo. Vienna Philharmonic haina bosi. Wanamuziki wake wanatoka okestra ya Opera ya Taifa ya Vienna, ndiko mshahara uliko, na Philharmonic ni chama chao wenyewe. Wanachagua viongozi wao kwa kura, wanaamua pamoja mambo ya chama, na tangu 1933 hawana mwongozaji wa kudumu, wanaalika wanayemtaka. Mapato ya matamasha ni ya chama. Ndani ya mfumo kama huo jina ndiyo kadi. Bila kadi husemi kitu kikasikika. Mama yule alipiga kinubi, kura hakupiga. Na kura mojawapo iliyokuwa inapigwa ni ile ya kuamua kama watu wa aina yake waingie! Mnaona ujanja? Aliyeathirika ndiye pekee ambaye hakuulizwa.

Hoja ya pili: kinubi ni pambo, hakipigwi kila wakati. Hii hata kule ilisemwa. Kuna watetezi wa desturi waliojifariji kwamba mpiga kinubi anakaa pembeni ya jukwaa, kwa hiyo akiwa mwanamke haharibu umoja wa okestra. Sikilizeni hiyo. Yaani upo, ila tuhesabu kwamba haupo. Mimi nauliza: siku ile kinubi kikikosea nyuzi mbili mbele ya ukumbi uliojaa, watu wangesema kosa ni la pembeni? Lingekuwa la okestra nzima. Kosa likiwa la wote na jina likawa la wachache, hapo kuna mtu ananyonywa.

Hoja ya tatu, na hii ndiyo inaniudhi kuliko zote: kinubi ni chombo cha kike, kwa hiyo wanawake wanapendelewa tayari, wanataka nini zaidi? Ni kweli kwamba kinubi kiliwafungulia wanawake mlango sehemu nyingi. Paris, Lily Laskine aliingia okestra ya Opera mwaka 1909 akiwa bado binti mdogo. Marekani, Edna Phillips aliingia Philadelphia Orchestra mwaka 1930, mwanamke wa kwanza mle. Lakini mlango gani huo? Ni mlango wa uani. Mabinti wa nyumba za kitajiri Ulaya walifundishwa kinubi kama walivyofundishwa kudarizi, hata Marie Antoinette alikipiga, kwa hiyo watu wakazoea kumwona mwanamke kwenye kinubi na wakamwachia hapohapo. Ukitaka tarumbeta, aa, hiyo siyo yako. Na Vienna hata huo mlango wa uani walifungua nusu: mikono ipite, uso ubaki nje.

Na nani kasema kinubi ni cha kike? Vukeni hapo jirani Uganda. Ennanga, kinubi cha nyuzi nane kilichopigwa mbele ya Kabaka wa Buganda, kilikuwa kazi ya wanaume. Nendeni Afrika Magharibi mkaone kora, ndugu yake kinubi: kwa vizazi vingi baba alimrithisha mwana wa kiume, mpaka akina Sona Jobarteh wa Gambia walipokuja kuipiga kwa kazi. Na Daudi mwenyewe alikuwa bibi nani? Nyuzi hazijui jinsia ya kidole. Sehemu moja kinubi ni cha kike, nyingine ni cha kiume, ila kote huko kuna kundi moja linalojipa kazi ya kugawa nani apige na nani atajwe.

Hoja ya nne: desturi, na ile sauti yao ya pekee itaharibika. Hii nayo ilisemwa Vienna, pamoja na ile ya wanawake kwenda likizo ya uzazi. Jamani! Sauti hiyohiyo waliyoiogopea ilikuwa imeshachanganyika na vidole vya mwanamke zaidi ya miaka 20, na dunia inaipigia makofi. Hakuna aliyesimama ukumbini akasema, "Samahani, nasikia harufu ya mwanamke kwenye kinubi." Mwaka 2011 Albena Danailova alikuja kukalia kiti cha kwanza cha violini, kiti cha kuongoza wenzake, mwanamke wa kwanza. Mwaka 2025 tamasha la Mwaka Mpya likapiga kwa mara ya kwanza wimbo uliotungwa na mwanamke, Constanze Geiger. Paa la ukumbi halikuanguka. Wanawake mle bado ni wachache kuliko wanaume, lakini ile hofu ya sauti imekufa, na hakuna aliyeomba radhi kwa kuieneza.

Inabaki "kizuri chajiuza". Ndiyo, chajiuza. Swali ni pesa inaingia mfuko wa nani. Kinubi cha Anna kilijiuza vizuri sana, kikauza na tiketi. Methali ile ilitungwa kumwambia mwenye mali asihangaike kutangaza. Haikutungwa ili muuzaji aifute alama ya mwenye mali.

Sasa niseme kwa nini kauli ya Jumanne imenichoma namna hii, maana mtauliza huyu kaka na Vienna wapi na wapi. Niliisikia wiki moja kabla, kutoka kwa mshikaji huyohuyo. Kwenye kazi yetu ya kikundi kuna dada alitengeneza majedwali yote, usiku mbili maabara ya kompyuta. Siku ya kuchapa alikuwa amekwenda kwao msibani. Ukurasa wa mbele niliuandika mimi pale steshenari, haraka haraka, majina manne badala ya matano. Niligundua tukiwa tumeshakabidhi. Nikamwambia mshikaji, akanijibu: "Achana nayo, kazi si imeenda?" Na mimi nikaachana nayo. Siku tisa sasa. Mwalimu anajaza maksi kwa kufuata majina ya ukurasa wa mbele, na mimi najua.

Kwa hiyo wazee wa Vienna niliowasema hapo juu tumefanana. Wao walikuwa na chama na desturi, mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi chakula.

Kesho saa mbili nakwenda ofisini kwa mwalimu na ukurasa mpya wenye majina matano. Akitukata maksi kwa kuchelewa kusema, atukate, ila zangu zianze. Halafu namtafuta yule dada nimwambie mwenyewe, kabla hajabandikiwa matokeo ukutani. Na wewe mshikaji wa mwaka wa tatu, najua utasoma hapa. Sina ugomvi na wewe. Ila kitanda chako kina jina lako kwa kalamu ya kuandikia mabegi, nimeliona. Kama jina si kitu, lifute.

Nawasilisha.