Kutoa Ni Moyo, na Macho Je?

Wahenga walitufundisha kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sina ugomvi nao. Lakini kuna jambo lililoonekana katika shule zetu za msingi za wilaya za Busia na Teso, Kenya, nami kila nikilifikiria naona kwamba moyo tumeutwika mzigo usio wake peke yake.

Kabla elimu ya msingi haijafanywa bure nchini Kenya mwaka 2003, madarasa na madawati yalitoka mifukoni mwa wazazi, kwa karo na kwa harambee. Watafiti wawili, Edward Miguel na Mary Kay Gugerty, walichunguza fedha za shule 84 za wilaya hizo mbili katika miaka ya 1990. Wakakuta kwamba mahali penye mchanganyiko wa wastani wa makabila, mchango wa wenyeji kwa kila mwanafunzi ulipungua kwa takriban asilimia 20 kuliko mahali pa kabila moja.

Mwenye pupa atasema: basi, Mteso hampendi Mluhya, maneno yamekwisha. La, hayajaisha. Watafiti hao walifungua pia kumbukumbu za mikutano ya shule. Penye kabila moja, mzazi asiyelipa alikaripiwa na kuaibishwa mbele ya wenzake. Penye mchanganyiko, makaripio yalikuwa machache. Mimi naelewa kwa nini. Kumdai mtu wa kwenu ni kumkumbusha. Kumdai wa kabila jingine huonekana ni kumchokoza. Kila mmoja akachelea ugomvi, akanyamaza, na watoto wakaendelea kukaa sakafuni.

Kampala nako watafiti wengine waliwapa watu fedha wazigawe wapendavyo. Walipogawa kwa siri, hawakupendelea kabila lao. Lakini wale waliokuwa wachoyo sirini, walipojua kwamba wanaonekana, wakawa wakarimu zaidi kwa watu wa kabila lao kuliko kwa wengine. Mchoyo anajua ni macho ya nani yatakayomsuta.

Sasa tazama mpaka wetu wa Kenya na Uganda. Mteso wa Malaba akifiwa, jamaa zake wa Tororo huvuka na rambirambi zao, na Wasamia wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, hufanya vivyo hivyo. Hapa ndipo neno bodaboda lilipozaliwa, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kutoka upande hadi upande. Mstari wa mkoloni haukuukata mkono wa kutoa. Ajabu ni kwamba mkono huo huo, uliokwisha kuvuka nchi mbili, husita kwenye ua wa jirani anayesema lugha nyingine.

Wala kusita huko si maumbile yetu. Miguel aliilinganisha Busia na wilaya ya Meatu, Tanzania, ambako nako si kwa matajiri, akaona kwamba huko mchanganyiko wa makabila haukupunguza mchango wa shule. Sababu aliyoitaja ni siasa ya kujenga taifa tangu enzi za Nyerere: Kiswahili kila mahali, na shule zilizomfundisha mtoto kwamba yeye ni Mtanzania kwanza. Najua upande wa Uganda Kiswahili kimebeba sifa mbaya ya kambi za askari. Lakini sokoni Busia, na kwenye foleni ya malori pale Malaba, ni lugha gani inayopatanisha bei?

Kwa hiyo nawasihi, wazazi wa pande zote mbili. Karo imefutwa, lakini chakula cha mchana cha watoto bado kinatuhusu, na kisima kikiharibika hakuna serikali itakayokimbia kuja na spana. Mchagueni mweka hazina asiye wa kabila lenu. Orodha ya wasiotoa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, nawe uwe wa kwanza kumkumbusha mtu wa kwenu, ili yule wa lugha nyingine asiogope kukukumbusha wewe. Na atakaposimama mkutanoni akauliza mchango wako uko wapi, usimuulize yeye ni mtoto wa nani. Mwambie ni shilingi ngapi, na utazileta siku gani.