Baharini Mwalimu, Nchi Kavu Dalali: Hizi Kazi Tatu Zinakaa Pamoja?

Kuna jamaa mmoja wa Watamu, jina liachwe, ambaye video zake zinazunguka sana Insta siku hizi. Asubuhi yuko baharini anawaongoza wageni kuvua. Jioni anaposti picha za ufukwe, kali kweli. Kesho yake katupia ploti: "Dakika tatu hadi baharini, hati mkononi." Wadau hawajamwacha. Ati mshika mawili moja humponyoka, sasa huyu wa matatu je?

Hapo wanamwonea. Bahari ya Watamu ina msimu. Kaskazi ikivuma, tuseme Novemba hadi Machi, sulisuli wapo na boti hazipumziki. Kusi ikiingia na mvua za mwezi wa nne na wa tano, mawimbi yanakuwa makubwa, hoteli kadhaa zinafunga, boti zinapandishwa juu kupigwa rangi. Kodi ya nyumba haijui kusi wala kaskazi.

Na kamera ni sehemu ya kazi ya boti. Uvuvi wake ni ule wa nzi bandia, yaani ndoano iliyovishwa manyoya ifanane na samaki mdogo. Haina chubwi, uzito wa kurusha uko kwenye mshipi wenyewe, kwa hiyo mgeni lazima afundishwe mkono. Sulisuli anavutwa karibu na boti kwa chambo kisicho na ndoano, kinachomolewa ghafla, halafu mgeni arushe nzi wake hapo hapo. Ni sekunde chache tu. Akimpata, samaki anarudishwa majini akiwa hai. Sasa mgeni anaenda nyumbani na nini? Picha. Bila mpiga picha mzuri, ni hadithi tu.

Tatizo ni ploti.

Mgeni aliyeshinda siku nzima kwenye boti na mtu, akashikwa bega asianguke, akashangiliwa kwa samaki wake wa kwanza, anamwamini mtu huyo kuliko wakili. Baharini imani hiyo ina msingi: mgeni akirudi mikono mitupu, jamaa bado analipwa siku yake, hana haja ya kudanganya. Kwenye ardhi analipwa kamisheni. Asipouza, hali. Sauti ni ile ile, tabasamu ni lile lile, ila sasa hayuko upande wa mgeni.

Na ile kamera inazidisha. Droni ikipaa, ploti ya mstari wa nne inaonekana kama inalamba maji. Kichaka kinaonekana kitupu, kumbe chini ya minazi kuna familia zilizoishi hapo miaka na makaburi ya wazee wao. Kilifi mambo ya maskwota na wenye hati wasioonekana si ya jana, kila mwenyeji anayajua. Mgeni hayajui. Pengine hajui hata kwamba Katiba ya 2010 inampa asiye raia umiliki wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Lakini mgeni akipoteza pesa bado ana kwao. Siku tingatinga likija, wanaotolewa ni wale wa chini ya minazi.

Sheria ipo. Kwa sheria ya 1984, wakala wa nyumba na ardhi Kenya anatakiwa awe amesajiliwa na bodi. Droni nayo inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Nani huulizaga?

Jamaa anaweza kubaki na zote tatu. Ajisajili, kwanza. Asimuuzie ardhi mgeni ambaye bado ana chumvi ya boti mwilini. Aweke namba ya hati mbele ili wakili wa mnunuzi akaipekue ofisi ya ardhi, na picha azipige kwa miguu, mpaka kwa mpaka, nyumba zilizopo zionekane. Atauza polepole, ni kweli. Basi kusi ikiingia agonge milango ya hoteli zilizofungwa, maana huo ndio wakati wa kupaka rangi na kutafuta picha mpya za vyumba. Mchongo huo upo na hauhamishi mtu.

Posti yake ya mwisho ya ploti imejaa mioyo na moto. Watu wanauliza bei, wanauliza kama umeme umefika. Namba ya hati hakuna aliyeiuliza.