Dharau Haina Rangi



Katika nchi ya Uhindi mwaka 1891 alizaliwa Bwana Ambedkar, kwa watu walioitwa na wenzao "wasioguswa". Alisoma hata akapata udaktari wa elimu Marekani na Uingereza, lakini machoni pa wakubwa wa dini yake alibaki najisi. Mwaka 1927, mjini Mahad, aliwaongoza watu wake kunywa maji ya bwawa la watu wote. Ng'ombe alikunywa pale pasipo neno, wao walipigwa.

Mwaka 1935 akatangaza ya kuwa amezaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha, na watu laki kadhaa wakamfuata. Wengine husema aliisaliti dini ya baba zake. Mimi nauliza: nani aliyemfukuza?

Sisi tusishangae. Mwaka 1944, huku Masisi, Walikale na Lubutu, watu waliochoshwa na kazi ya lazima ya mpira walimfuata Bushiri, mhubiri wa Kitawala. Dini ile iliwaambia kwamba mweusi na mweupe ni sawa. Serikali ya Wabelgiji iliwajibu kwa askari.

Basi, sisi wajukuu wao, mbona tunamtengea Mmbuti kikombe chake? Nimeona kwa macho yangu: anabeba mfuko wa mawe pamoja nasi, lakini saa ya chakula anakaa mbali, na kikombe chake kinawekwa peke yake chini ya mti. Jumapili tunaimba kwamba sote ni wana wa Mungu.

Mtasema sheria ipo. Kweli, ile ya tarehe 15 Julai 2022 inawalinda Wambuti. Lakini Ambedkar mwenyewe alisimamia uandishi wa katiba ya nchi yake, iliyokataza dharau ile tangu mwaka 1950, na miaka 6 baadaye bado aliona hana budi kuhama. Sheria ya Kinshasa haitaosha kikombe cha Kalembe.

Anayedai haki kwa mkubwa huku akimnyima mdogo hatafuti uhuru. Anangoja zamu yake ya kukanyaga. Kesho, saa ya kupumzika, mkaribishe mwenzako akae karibu, anywe katika kikombe chako. Tusipofanya hivyo, siku atakapotuacha tusiulize ni nani aliyempoteza.