Kahawa ya Stoke Bruerne na Mfereji Tuliousahau

Nilisema uongo katika nchi ya watu, msomaji mwenzangu, na niliusema huku nimeshika kikombe cha kahawa mkononi. Sikukusudia. Lakini uongo usiokusudiwa nao huuma, hasa ukiwa umemwambia mzee aliyekupokea kwa maneno mazuri, basi leo natubu hadharani.

Mpwa wangu anayeishi Milton Keynes, huko Uingereza, ndiye aliyenichukua. "Mjomba," aliniambia asubuhi, "leo nakupeleka mahali utakapopumua." Mahali penyewe ni Stoke Bruerne, kijiji kidogo kilicho kusini ya mji wa Northampton. Katikati yake umepita mfereji. Si mfereji wa kunyweshea mashamba, bali njia ya maji iliyochimbwa ili vyombo vipite na shehena. Huku na huku zimejipanga nyumba za kale za mawe na matofali, na moja, ambayo ni baa, imeezekwa nyasi nene hata nikakumbuka makuti ya kwetu. Hiyo tuliipita tu. Tukaingia mkahawani, tukatoka na kahawa zetu, tukakaa kwenye benchi ukingoni mwa maji.

Niseme kweli juu ya ile kahawa. Ilikuja katika kikombe cha karatasi, nyingi kama uji wa kufuturia, maziwa tele, wala haikuwa na harufu ya tangawizi wala ya iliki. Kwa bei yake ningekunywa kahawa chungu barazani wiki nzima, na halua juu. Watu walikaa wawili wawili, kila kundi na lake, na hapakuwa na muuza kahawa wa kugonganisha vikombe vyake ili ujue kwamba dele limefika. Nikajisemea moyoni: hawa walichukua kahawa kwetu, wakaacha baraza.

Maana kahawa twajua ilikotoka. Masufi wa Yemen katika karne ya 15 waliinywa wapate kukesha katika dhikri, na bandari ya Mokha ndiyo iliyoitangaza duniani. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa akiisimamia Makka kwa niaba ya watawala wa Misri, aliipiga marufuku. Mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza naye alitaka kuzifunga nyumba za kahawa, ambazo London ilikuwa imeijua ya kwanza mwaka 1652. Wote wawili hawakufua dafu. Na wala hawakuiogopa buni yenyewe. Waliwaogopa watu waliokaa pamoja wakazungumza.

Nikiwa katika kuwateta wenyeji namna hiyo, akaja mzee mmoja aliyevaa koti la kuelea majini, mkononi kashika chuma cha kufungulia maji. Aliniona nikikodolea macho milango mikubwa ya mbao iliyouziba mfereji. Akanisalimu, akauliza kama ningependa kuelezwa. Loo! Mzee yule alikuwa na kiu ya kusema kuliko wazee wa mtaani kwetu.

Akanionyesha. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo waliochimba walijenga vyumba vya maji, kila kimoja na milango mbele na nyuma. Chombo huingia, mlango hufungwa nyuma yake, maji ya juu huachiwa polepole, na chombo huinuka mpaka kikawa sawa na mfereji wa juu. Vyumba vya namna hiyo pale kijijini ni saba, kimoja juu ya kingine kama ngazi. Milango husukumwa kwa mgongo na makalio, leo kama ilivyokuwa miaka 200 iliyopita. Mpwa wangu alijaribu, akatoka jasho, nami nikacheka.

Bunge la Uingereza liliidhinisha mfereji huo mwaka 1793, uunganishe mto Thames, karibu na London, na mifereji ya kati ya nchi. Kilichowashinda kwa muda ni kilima cha Blisworth, jirani na kijiji. Jaribio la kwanza la kukitoboa liliharibika, ikabidi shehena ipandishwe kilimani kwa magari ya farasi yaliyopita juu ya reli. Tundu lilikamilika mwaka 1805, urefu wake karibu kilomita 2.8, na ndani yake hamna njia ya farasi wa kuvuta. Basi farasi alipitishwa juu ya kilima, na chini gizani watu wakalala chali juu ya mbao zilizotokeza pande mbili za chombo, wakatembea kwa miguu ukutani mpaka wakatokea upande wa pili. Nilimwambia mzee arudie, nikidhani sikumsikia vyema. Akarudia, akalala chali pale pale benchini, mzee wa miaka 70 na zaidi, akanionyesha kwa miguu yake.

Alinieleza pia juu ya familia zilizoishi ndani ya vyombo hivyo, baba, mama na watoto katika kijumba cha urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, makaa ya mawe yamejaa mbele yao. Nje walipaka rangi za maua na makasri, kama manahodha wetu wanavyochora jicho kwenye gubeti ya jahazi. Palikuwa na muuguzi pale kijijini, Mary Ward, aliyewatibu mabaharia hao wa maji baridi nyumbani kwake, na mpaka leo wanamtaja Sista Mary kama mtu aliyetoka jana.

Reli iliuua mfereji polepole. Kufikia miaka ya 1970 biashara ya shehena ilikuwa imekwisha. Lakini kinu cha kale cha kusagia nafaka kilikuwa kimekwisha geuzwa jumba la makumbusho mwaka 1963, na tundu la Blisworth lilipochoka lilijengwa upya, likafunguliwa tena mwaka 1984. Mzee yule hakuwa akilipwa hata senti. Aja siku zake kwa zamu, kwa kuwa apenda.

Kisha akaniuliza: "Na kwenu, bwana, mnayo mifereji?"

"Hatuna," nikamjibu haraka. "Sisi tuna bahari."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilimkumbuka babu yangu Kipini, mimi mtoto nimekaa miguuni pake, yeye na finjani yake, akiwaambia wenzake kwamba mto ulio mbele yetu si hapo ulipokuwa zamani. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni, kuunganisha mto Tana na mto Ozi. Maji yakaupanua yenyewe, mafuriko baada ya mafuriko, hata Tana ukauacha mdomo wake wa kale, na leo waingia baharini Kipini. Mfereji wa Waingereza wapitisha mashua za matembezi. Wetu umegeuka mto! Nami nilimwambia yule mzee kwamba hatuna.

Wako watakaosema Mzungu ana pesa za kutunza vitu vyake. Sikubali. Stoke Bruerne nililoliona kubwa si jengo, ni mzee asiyelipwa aliyelala chali ili mgeni aelewe. Sisi kahawa tunayo, tena bora, baraza tunazo, wazee bado wapo kidogo. Lakini mazungumzo yetu ya kahawa yamekuwa ya mpira na siasa toka magharibi hadi isha, na mgongo tumeupa maji. Ni vijana wangapi wa Mombasa au Malindi wawezao kusema Kau ni wapi, mji ule wa biashara uliokuwa kando ya Ozi? Mimi mwenyewe, mjukuu wa Kipini, nilihitaji kwenda Northampton ndipo nikumbushwe.

Na tukianza kuuliza, tuulize yote. Mikono ya nani ilichimba Belezoni? Zama zile zilikuwa zama za utumwa katika pwani yetu, na huenda kimya chetu kina sababu yake. Swali hilo lastahili kuulizwa kwa adabu, mbele ya dele la moto, kwa wazee wa pande zote za mto, Waswahili na Wapokomo, kabla hawajaondoka na majibu.

Mwezi ujao, Inshallah, nakwenda Kipini na kinasa sauti. Mpwa wangu nimemwandikia kwamba akipita tena Stoke Bruerne amtafute mzee mwenye chuma cha kufungulia maji, amwambie mjomba wake alikosea: kwetu uko.