Hatusubiri Bodi: Ilani ya Wahandisi wa Muscat

Sisi, wahandisi na wanafunzi kuanzia Ruwi hadi Al Khoudh, watoto na wajukuu wa waliotoka Unguja, Pemba na Mombasa, tumechoka kuambiwa tusubiri bodi, yaani ubao wenye chipu halisi, ndipo tujaribu programu zetu.

Prosesa ya mawimbi, ile inayosafisha sauti ya simu au kusoma mwangwi wa rada, hata ikibuniwa hapa hutengenezwa ughaibuni. Miezi hupita chipu haijarudi, na mwandishi wa programu amekaa mikono mitupu. Ikifika na kasoro, safari inaanza upya, na bili yake juu.

Tunasema programu itangulie silikoni. Prosesa nzima, na rejista na kumbukumbu zake, iigwe kwanza ndani ya kompyuta, na msimbo uleule utakaokwenda kwenye chipu uendeshwe humo.

Chukua kichujio cha sauti. Kazi yake ni kuzidisha na kujumlisha, basi. Lakini katika namba ya biti 16 yenye alama ya chanya au hasi, 32,767 ikiongezwa moja hugeuka −32,768, na spika inalia kama bati lililopigwa jiwe. Kwenye bodi utausikia mlio tu. Kwenye prosesa pepe, ile iliyoigwa ndani ya kompyuta, unaisimamisha saa yake palepale, unafungua rejista moja moja, unaikuta amri iliyofurika, unarekebisha na kuendesha tena chai haijapoa.

Zana zipo. QEMU, kiigaji cha prosesa cha Fabrice Bellard, iko wazi tangu 2003. SystemC, ya kuandikia mifano ya maunzi, ikawa kiwango cha IEEE 1666 mwaka 2005. RISC-V, seti ya amri za prosesa iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, haidai ada ya leseni. Na sababu ipo: Dira ya Oman 2040 inataka nchi isitegemee mafuta peke yake. Haya, twende kazini.

Ila tusidanganyane. Mfano wa prosesa wenye kasi hauhesabu sawasawa mizunguko ya saa, na ule unaoihesabu hutambaa. Kila mfano tutakaoutoa utataja waziwazi usichokipima. Asiyekubali sharti hili asijiunge, hata awe fundi wa namna gani.

Misimbo yetu itakuwa wazi, na miongozo itaandikwa kwa Kiswahili pia, ili kijana aliye Zanzibar afanye kazi nasi akiwa kwao.

Tunaanza na RISC-V pepe, tuiongezee amri ya kuzidisha na kujumlisha ambayo jibu lake likifika kikomo hubaki pale pale. Anayetaka kuingia aje na kompyuta yake na kosa moja lililomshinda.